SOMO LA VIKUNDI: Kuendesha Mtandao wa Kujitolea wa Wenye Punda na Maksai



Wengine mtashangaa kuona somo juu ya punda na maksai likiandikwa Mukuru kwa Njenga, mahali ambapo hata nafasi ya kupanda sukuma wiki ni ya kutafuta kwa tochi. Lakini ulizeni hapa kwetu. Mama anayeuza mboga kando ya barabara ana kishamba chake Kitui au Makueni, na mvua za Oktoba na Novemba zikikaribia anahangaika kutuma pesa za kumlipa mwenye maksai alime kabla ya majirani kumuwahi. Tena mikokoteni ya punda inapita mitaa ya Eastlands ikibeba maji, mchanga, mawe na magunia. Basi jambo hili linatuhusu mara mbili, huku tunakolala na kule tunakotoka.

Wenzetu wa Tanzania wana neno zuri, wanyamakazi. Maana yake ni ng'ombe, punda au ngamia anayevuta plau au mkokoteni, au anayebeba mzigo mgongoni. Tutalitumia hapa kwa sababu ni fupi.

Mtandao ni kitu gani?

Mtandao si kikundi kikubwa kuliko vingine, wala si chama cha ushirika. Kikundi chenu kina mwenyekiti, karani na mwekahazina, na kina pesa ya merry-go-round. Mtandao ni watu na vikundi mbalimbali, kila mmoja na shughuli zake, waliokubaliana kupeana habari, ujuzi na msaada katika jambo moja. Ndani yake mnaweza kumkuta mwenye punda wa Njiru, fundi wa jua kali anayechomelea mikokoteni, mkulima wa Mwingi, daktari wa mifugo na mwalimu wa chuo. Hakuna aliye bosi wa mwenzake. Hapo ndipo uzuri ulipo, na shida nayo inaanzia hapo hapo, maana kazi isiyo na bosi ni rahisi kuachwa.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1990 watu wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika walianzisha mtandao wa wanyamakazi unaojulikana kwa kifupi kama ATNESA. Mkutano wao mkubwa wa kwanza ulifanyika Lusaka, Zambia, Januari 1992. Mwaka huo huo walikutana Mbeya, Tanzania, kuzungumzia wanawake na wanyamakazi. Desemba 1995 walikuja hapa Nairobi, huko Karen, na Mei 1997 wakaenda Debre Zeit, Ethiopia, kuzungumza juu ya punda. Mkiangalia mtaona mikutano ilihamahama, mara nchi hii mara ile, na kila nchi ilihimizwa kuwa na mtandao wake wenyewe.

Wa Kenya uliitwa KENDAT. Ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wataalamu wa uhandisi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Dkt. Pascal Kaumbutho. Mwanzoni jina lake lilikuwa la mtandao wa teknolojia ya wanyamakazi, baadaye likabadilishwa likawa la kueneza teknolojia za kilimo kwa jumla. Sisi tunaona mabadiliko hayo yana maana kwa kila mtandao. Ukianza kumsikiliza mkulima juu ya plau, atakuambia pia habari za barabara mbovu, bei ya mbegu na maji yaliyo mbali. Lazima mtandao uamue utabeba yapi na utayaacha yapi.

Faida yenyewe ni nini?

Mtu atauliza, sasa habari tu itanisaidia nini? Chukua mfano wa nira. Mahali pengi watu walizoea kulima kwa maksai, na walipopata punda wakamvika nira ile ile ya ng'ombe. Ng'ombe wetu wa kienyeji ana nundu. Nira inakaa mbele ya nundu, na yeye anaisukuma kwa nguvu zake zote. Punda hana nundu! Nira inamkalia kwenye mifupa ya shingo, inamchubua, kidonda kinaoza, na mwenyewe anasema punda ni mvivu. Punda huvuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana unaopita mbele ya kifua, usiopanda juu ukambana koo, na mkanda mwingine mgongoni wa kuushikilia wa kwanza usishuke. Unaweza kushonwa kwa mikanda ya viti vya magari makuukuu na kuwekewa kitambaa au gunia lililokunjwa ndani. Kamba ya nailoni inakata ngozi, na waya ndio mbaya zaidi.

Habari hiyo haina bei. Anayo fundi mmoja Mwea, hana mwenzake wa Kibwezi, na punda wa Kibwezi wanaendelea kuumia. Kazi ya kwanza ya mtandao ni kuitoa kwa huyu na kuifikisha kwa yule.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2012 sheria ya Kenya ilimweka punda katika hesabu ya wanyama wa kuchinjwa. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya kuuza nje yakafunguliwa, hata yakafika manne: Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana. Kilichotakiwa hasa ni ngozi, maana huko China inachemshwa kutengeneza dawa ya asili inayoitwa ejiao. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda jike hubeba mimba kama mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Kwa mwendo huo, kuzaliana hakungeweza kulipa pengo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8, ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2.

Wizi ulizuka. Watu waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu, au wakakuta mzoga vichakani umechunwa ngozi. Kwa mama aliyekuwa akiuza maji kwa punda wawili, kuibiwa huko ni sawa na kufutwa kazi usiku ukiwa umelala. Wenye punda na mashirika ya kutetea wanyama walipiga kelele pamoja, na Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu iliondoa marufuku hayo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Mkulima mmoja akienda kulia kwa chifu kwamba punda wake amepotea, anaandikiwa kwenye kitabu anarudi nyumbani. Vijiji ishirini vikija na orodha, tarehe na alama za kila mnyama, hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo tunashauri kila kikundi katika mtandao kiwe na daftari la wanyama: jina la mwenyewe, rangi, jinsia, umri, alama ya sikio au kovu, na picha ya simu ikiwezekana. Mnyama akipotea, ujumbe utumwe usiku ule ule kwa walio njia ya sokoni. Kungoja kesho ni kumpa mwizi nauli.

Mzigo wa anayejitolea

Waswahili wana msemo, punda afe mzigo ufike. Kusema kweli ndivyo mitandao mingi inavyowatendea watu wake wanaojitolea. Anapatikana mmoja mwenye moyo, anajua kusoma na kuandika, ana simu, hawezi kusema hapana. Basi anakuwa mratibu, karani, mpiga simu, mpokea wageni na mtatua magomvi. Mwaka wa kwanza anang'aa. Mwaka wa pili mkewe anauliza kwa nini watoto wako nyumbani kwa sababu ya karo na yeye yuko Kitui na mambo ya plau. Mwaka wa tatu ameacha, na ameondoka na namba zote za simu. Mtandao umekufa, na watu wanasema fulani alituangusha. Nani alimwangusha mwenzake hapo?

Kujitolea maana yake ni kutolipwa mshahara. Si kujilipia nauli, kununua daftari na kutia salio kwenye simu kwa ajili ya wengine. Tuseme mratibu anasafiri mara moja kwa mwezi kutembelea kikundi kimoja, nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,000, na simu ni shilingi 200. Kwa mwaka hizo ni shilingi 14,400. Vikundi vikiwa kumi na viwili, kila kimoja kikitoa shilingi 100 kwa mwezi, gharama imelipwa bila kuandikia mfadhili hata barua moja. Pesa hizo zirudishwe kwa risiti au kwa maandishi, na hesabu isomwe mbele ya wote. Kama vikundi haviwezi hata shilingi 100, punguzeni safari. Msimwache mtu aendelee kusafiri kwa pesa ya unga.

Kazi nayo igawanywe iwe na mwanzo na mwisho. Ukimwomba mtu "usaidie mtandao" umembebesha gunia lisilo na kipimo. Mwombe apige simu kwa vikundi vitatu kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, hadi Desemba. Hapo anajua anachokubali, na ikifika Desemba anaweza kupumzika bila kuonekana msaliti. Kila kazi iwe na watu wawili, na orodha ya majina na simu ikae mahali pawili. Uratibu uzunguke kila mwaka, hata kama aliyepo ni hodari. Hasa kama ni hodari!

Mikutano isiwe ya hoteli na soda. Kutaneni penye mnyama, kwa mwenyeji tofauti kila mara, mfungue mikanda muangalie mabega, muinue kwato, mpakie mkokoteni na kuusawazisha hadi mzigo usimkandamize punda mgongoni wala kumnyanyua kwa nyuma. Mkulima asiyesema neno ukumbini atasema mengi akishika nira mkononi. Saa ziangaliwe pia. Vijijini wanaoteka maji kwa punda kila siku mara nyingi ni akina mama na watoto, lakini mkutano ukiitwa saa nne asubuhi wanakuja wanaume kutoa maoni juu ya kazi ambayo hawaifanyi.

Hapa mjini kuna jambo la ziada. Mara nyingi anayeendesha punda siye mwenye punda. Kijana amekodi, jioni lazima apeleke pesa kwa tajiri wake, na kinachobaki ndicho chakula chake. Ukimhubiria asipakie kupita kiasi, atakusikiliza kwa heshima kisha atapakia. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpakia mnyama kupita kiasi, na mwenye mnyama anayeruhusu hayo naye anahusika. Kwa hiyo waiteni wote wawili, tajiri na kijana, wakae benchi moja wajadili kiasi cha kila siku. Bila hivyo somo la mikanda ni kelele tu.

Habari zipite njia gani? Tumieni zote. Kikundi cha WhatsApp ni cha haraka, lakini mzee mwenye maksai bora kijijini huenda ana simu ya kubonyeza. Bandikeni karatasi kwenye posho mill, tangazeni barazani kwa chifu na baada ya ibada, mpeni ujumbe kondakta wa basi la kwenda nyumbani.

Kuhusu usajili, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi. Vikundi vyenu vijisajili. Mtandao wenyewe msiukimbize kwenye mihuri na akaunti ya benki kabla haujafanya kazi hata msimu mmoja. Na mfadhili akija na pesa nyingi kuliko kazi mliyo nayo, ombeni kidogo mnachoweza kukitolea hesabu. Tumeona mitandao mizuri ikigeuka kuwa ofisi ya mradi. Mradi ukaisha, ofisi ikafungwa, na wakulima wakabaki na kofia na fulana.

Zoezi la kikundi

Gawanyeni ukurasa wa daftari sehemu mbili. Upande mmoja kila mtu aandike kitu kimoja anachoweza kuwapa wengine wenye wanyamakazi: kushona mkanda, kufundisha maksai wachanga, kutibu kidonda, kuchomelea ekseli, au kujua tu nani ananunua samadi. Upande wa pili aandike anachohitaji. Asiyejua kuandika aandikiwe.

Kisha jadilini: ni nani kati yetu anabeba kazi ya watu watatu sasa hivi? Nani atachukua nusu yake kuanzia mwezi ujao? Punda na maksai wa kikundi hiki ni wangapi, na kama mmoja angeibiwa usiku wa leo, tungempigia nani simu kwanza? Andikeni jina hilo na namba yake kwenye jalada la daftari kabla hamjaachana.