Somo: Tuchunguze Kwanza, Tusishitaki Jirani

Ndugu wazazi na viongozi wa kambi,

Mtoto akishikwa na ugonjwa kwa ghafula, mara nyingi tunauliza kwanza: «Ni nani aliyemfanyia hivi?» Mara jina linatajwa: mjane, mzee, au watu waliofika juzi. Wanasemwa kuwa wachawi au watu wa sumu. Nyumba yao inachomwa, na ugonjwa unabaki palepale. Leo tujifunze kuuliza: «Ni kitu gani kimesababisha, na tutajuaje?» Hiyo ndiyo njia ya wanasayansi. Haidai shule kubwa. Inadai macho, hesabu na uvumilivu.

Mfano wa kweli

Mwaka 1854, kolera iliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Wengi walisema inaletwa na harufu mbaya hewani. Daktari John Snow alikisia kwamba inatoka katika maji. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walichota wapi. Wengi walikuwa wamekunywa maji ya pampu ya Broad Street. Hakutosheka. Aliuliza pia kuhusu wale waliopona. Karibu na pampu ile kulikuwa na kiwanda cha pombe. Wafanyakazi wake walivuta hewa ileile, lakini walikunywa pombe, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa kolera. Basi sababu haikuwa hewa. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa.

Hatua tano

Tuseme watoto 9 wa bloki moja wanahara.

1. Uliza swali wazi. Kwa nini bloki hii, na si ile ya jirani?
2. Chunguza. Andika nani anaugua, tangu siku gani, anachota wapi, anajisaidia wapi. Andika pia wasiougua.
3. Kisia. «Labda ni maji ya mto.»
4. Jaribu. Bloki nzima iache maji hayo, itumie maji yaliyotiwa klori au kuchemshwa. Hesabuni wagonjwa wapya kila siku.
5. Pima matokeo. Wakipungua, kisio limepata nguvu. Wasipopungua, msione haya: rudini hatua ya 3, mtazame vyoo, mikono na chakula.

Lakini mgonjwa asingojee uchunguzi. Apelekwe kituo cha afya upesi. Njiani anyweshwe mara kwa mara maji haya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Neno kwa viongozi

Mwezi wa Julai 1994, kolera iliua maelfu ya wakimbizi karibu na Goma kwa majuma machache. Ugonjwa haukuchagua kabila. Kwa hiyo mtu akija kwako na shitaka, muulize: «Umeona nini kwa macho yako? Ni jambo gani lingeonyesha kwamba umekosea?» Shitaka lisiloweza kujaribiwa lisitoe mtu nyumbani kwake. Sisi tuliofukuzwa kwetu tunajua uchungu huo.

Maswali ya kuzungumza pamoja

- Ni shida gani tuliyomwekea mtu lawama bila kuchunguza?
- Nani ataandika hesabu ya wagonjwa katika bloki yetu?