Herufi za Madaha katika Maandishi Rasmi ya Kiswahili: Mifano ya Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Makala haya yanachunguza fonti zinazoiga mwandiko wa kalamu, na jinsi zinavyofaa au kutofaa katika maandishi rasmi ya Kiswahili. Mifano inahusu Kitengela na Kajiado, miji miwili ya barabara ya Namanga, ambako kadi za harusi, vyeti vya mahafali na vijitabu vya mazishi hutayarishwa kwa kompyuta katika maduka madogo ya uchapaji. Hoja kuu ni kwamba herufi ya madaha ni heshima anayopewa mwenye jina, na heshima hiyo hubatilika jina lisiposomeka.

Asili ya herufi hizi

Monotype Corsiva, ambayo imejulikana sana kupitia programu za Microsoft Office, ilibuniwa na Patricia Saunders na kutolewa mwaka 1991. Inafuata mwandiko wa makarani wa Roma ambao Ludovico degli Arrighi aliufundisha katika kijitabu chake cha mwaka 1522. Kalamu ya ncha pana ndiyo iliyoupa mwandiko huo unene na wembamba wake. Edwardian Script, iliyobuniwa na Ed Benguiat mwaka 1994, inaiga kalamu ya chuma yenye ncha kali: mkono ukikazwa mstari hunenepa, ukilegezwa huwa mwembamba kama unywele. Herufi za Corsiva husimama mojamoja ilhali za Edwardian hushikana.

Waswahili nao si wageni wa sanaa hii. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilinakiliwa na kupambwa kwa ustadi mkubwa katika karne ya 18 na ya 19. Katika misahafu hiyo, nakshi zilitawala fremu na pambizo, lakini matini yenyewe iliandikwa ili isomwe. Pambo lilikuwa na mahali pake.

Matatizo ya Kiswahili katika herufi hizi

Tatizo la kwanza ni urefu wa maneno. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Neno "watakapounganishwa", lisilokosa katika kadi nyingi za harusi, lina herufi 18, ilhali Kiingereza hugawa maana hiyo katika maneno kadhaa mafupi. Herufi zinaposhikana, vijiti vya n, u, m na i hufanana, na jicho hukosa mahali pa kupumzika.

Tatizo la pili ni ritifaa. Alama hii ndogo ndiyo inayotofautisha "ng'oa", yaani kutoa kitu kilichoshika ardhini, na "ngoa", yaani wivu au tamaa. Katika fonti nyembamba, ritifaa ni kijistari tu. Kadi ikitolewa nakala katika mashine iliyochoka, hupotea. Jina la ukoo kama Ng'ang'a hubaki likisomwa visivyo mbele ya jamaa zake.

Tatizo la tatu ni herufi kubwa. Katika fonti hizi, herufi kubwa imechorwa iwe kiongozi wa herufi ndogo. Jina likiandikwa lote kwa herufi kubwa, mikia na vitanzi hugongana. Tuchukue mfano wa kijitabu cha mazishi yatakayofanyika Ilbisil au Isinya. Herufi I yenye madaha huweza kudhaniwa J, na katika Ilbisil inafuatwa mara moja na l. Mgeni atokaye mbali, asiyelijua eneo hilo, hutegemea karatasi hiyo ajue atashukia wapi kwenye matatu. Akikosea, atafika maiti imekwisha kuzikwa.

Mapendekezo

Kwanza, herufi za madaha zitumiwe kwa majina ya wahusika na kichwa cha shughuli pekee. Tarehe, mahali na maelezo mengine yaandikwe kwa herufi za kawaida. Pili, herufi kubwa iwe mwanzoni mwa jina tu. Tatu, ukubwa uongezwe, kwa kuwa herufi ndogo za Corsiva ni fupi kuliko za Times New Roman hata pointi zinapolingana. Nne, nakala ya kwanza isomwe kwa sauti na mtu asiyewajua wahusika. Akisitasita katika jina lolote, fonti ibadilishwe kabla ya nakala nyingine kutolewa.

Hitimisho

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanafunzi wa Kiswahili ambaye huombwa na jamaa au chama chake aandae kadi au cheti asihakiki sarufi na tahajia tu; ahakiki pia sura ya herufi. Tahajia sahihi isiyoonekana haimfaidi msomaji, na aliyealikwa, aliyefuzu au aliyefariki anastahili jina lake lisomwe kama alivyoitwa.