SOMO: KUFUFUA LAND ROVER KUUKUU YA CHAMA



Somo letu la safari hii lahusu mali ambayo katika vitabu vya baadhi ya vyama huandikwa kwa maneno matatu tu: "Gari moja, bovu." Mstari huo hunakiliwa mwaka hadi mwaka, na kila mwaka gari lenyewe hupungukiwa na kitu: leo betri, kesho kabureta, kesho kutwa magurudumu mawili. Kisha hutokea mwanachama mwenye nia njema akasema mkutanoni, "Tulifufue wenyewe, mafundi tunao." Je, ajibiwe nini?

Jibu la somo hili ni fupi. Gari lifufuliwe endapo lastahili. Hesabu itangulie spana, na breki zitangulie injini. Chama kitakachogeuza utaratibu huo chaweza kupoteza fedha za wakulima, na pengine maisha ya watu.

1. Tulijue gari lenyewe

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kiligawiwa kwa kipimo, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikaundwa kwa bati la aluminiamu, nayo chasisi ikabaki ya chuma. Series II ilitoka mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III iliundwa tangu 1971 hadi 1985. Hayo ndiyo magari tunayoyazungumzia hapa.

Magari haya yafaa kufufuliwa uani kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu nyingi za bodi zimefungwa kwa bolti, wala hazikuchomelewa. Fundi mwenye spana za kawaida aweza kuzifungua. Pili, vipuri vingi vyake vingali vikitengenezwa. Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari ya umri mkubwa yalifika hapo yakitembea kwa injini zake.

Lakini aluminiamu hudanganya macho. Bodi haishiki kutu jinsi chuma kishikavyo, ilhali chasisi yaweza kuwa inaoza chini yake. Chasisi hiyo ni mhimili wenye uwazi ndani. Tope likiingia na kukaa, chuma huliwa kutoka ndani kuelekea nje. Ukame wa nyanda zetu husaidia, ila gari lililotumika pwani miaka mingi huja na kutu yake. Kwa hiyo chukua nyundo ndogo na ugonge hatua kwa hatua: mhimili wa nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikwa, vishikio vilivyo chini ya milango, na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti ya kufa, na pengine nyundo hupenya. Ikiwa chasisi imeoza mahali pengi, mjadala uishie hapo, na gari liuzwe kwa idhini ya mkutano mkuu.

2. Hesabu kabla ya spana

Mkoa wetu una fundisho la zamani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa. Matrekta mengi yalikuwa mitumba, masalio ya vita, mengine yakitoka mbali hadi Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Vipuri vilikuwa haba, mafundi wachache, ardhi ngumu. Matrekta mengi yakasimama mapema. Mpango huo ulivunjwa mwaka 1951. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, mvua ikiwa mojawapo, lakini hili latuhusu: bei rahisi ya chombo kikuukuu si gharama yake. Gharama yake ni bei, pamoja na vipuri, fundi, na siku za kusimama.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Kila chama kiweke zake. Gari lilivyo laweza kuuzwa sh. 3,000,000. Matengenezo yakisiwa hivi:

Chasisi: sh. 1,200,000
Breki, usukani na springi: sh. 1,500,000
Injini na giaboksi: sh. 2,800,000
Matairi matano: sh. 1,500,000
Umeme, bima na ada: sh. 700,000
Jumla: sh. 7,700,000

Ongeza asilimia 20 kwa yasiyotazamiwa, yaani sh. 1,540,000, yawa sh. 9,240,000. Ongeza na zile sh. 3,000,000 ambazo chama kingepata kwa kuuza. Mtaji halisi ni sh. 12,240,000.

Sasa tazama faida. Tuseme safari moja ya gari la kukodi ni sh. 90,000, na safari hiyo hiyo kwa gari la chama, pamoja na mafuta, dereva na matengenezo, ni sh. 50,000. Kila safari yaokoa sh. 40,000. Chama chenye safari 50 kwa mwaka kitaokoa sh. 2,000,000, na mtaji utarudi baada ya miaka sita na zaidi. Chenye safari 120 kitaokoa sh. 4,800,000, na mtaji utarudi kwa miaka miwili na nusu hivi. Gari ni lile lile, fundi ni yule yule. Kinachoamua ni idadi ya safari. Basi katibu ahesabu safari za misimu miwili iliyopita kutoka katika vocha, asikisie kwa matumaini.

3. Kazi ifanyike wapi na kwa mpango gani

Uwanja bora ni ua wa chama. Iwapo fundi ni mwanachama mwenye karakana nyumbani kwake, yaruhusiwa, mradi pawepo mkataba wa maandishi. Gari likabidhiwe kwa orodha yenye namba ya injini, namba ya chasisi na kila kifaa kilichomo. Vipuri vinunuliwe kwa stakabadhi na viingizwe katika daftari siku hiyo hiyo. Vya zamani vinavyotolewa virudishwe ghalani na vitunzwe hadi mkaguzi avione. Utaratibu huu haumaanishi kwamba fundi ni mwizi. Humlinda yeye kwanza, siku ya maswali.

Kazi ifuate mpangilio huu: chasisi, breki, usukani na springi, giaboksi na difu, injini, umeme, na rangi mwisho. Rangi ikitangulia, wanachama hufurahi, fedha huisha, na gari hubaki limesimama likimeremeta.

Breki zapewa nafasi hiyo kwa sababu katika mengi ya magari haya zina mkondo mmoja tu: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Mabomba yaliyoshika kutu na mipira iliyokakamaa vibadilishwe vyote, visichaguliwe.

Mafundi nao wajilinde. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe na tangi la petroli liondolewe. Katika mengi ya magari haya lipo chini ya kiti. Vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe.

4. Mabadiliko yafaayo na yasiyofaa

Mabadiliko yafaayo ni yale yanayopunguza hatari au gharama: kufunga mikanda ya viti, kuweka alteneta mahali pa dainamo, au kuimarisha breki. Kichujio cha hewa chenye bakuli la oili kisitupwe kwa kuonekana cha kizamani. Wakati wa vumbi la kiangazi oili yake ibadilishwe mara kwa mara, kwani vumbi likipita humaliza ringi na silinda.

Kufunga injini ya dizeli yenye nguvu zaidi huvutia wengi. Lakini breki za dramu na ekseli ziliundwa kwa mwendo na nguvu ndogo. Ekseli ya nyuma ya magari haya yajulikana kwa kukatika inapolemewa. Anayebadili injini aanze na breki, kisha chama kiandikishe badiliko hilo katika kadi ya gari, Mamlaka ya Mapato, na kiijulishe bima.

Kuongeza majani ya springi ili kubeba magunia zaidi ni kosa. Springi hubeba, hazisimamishi gari.

Mwisho, dereva afundishwe. Katika Series II na III kitufe cha njano hushirikisha magurudumu ya mbele. Hicho ni cha tope la mbuga na mchanga. Kikiachwa kimefungwa juu ya lami, giaboksi na ekseli hukazana na kuumia bure.

5. Maswali ya kujadili

(a) Chama chetu kilifanya safari ngapi msimu uliopita, na zilikigharimu kiasi gani?
(b) Nani anazo namba za injini na chasisi ya gari letu, na zalingana na kadi?
(c) Chasisi imegongwa na nani, lini, na taarifa yake i wapi?
(d) Makisio yakizidi, nani ana mamlaka ya kusema "basi"?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao. Chama kitakachoshindwa kujibu swali la kwanza kisifungue bolti hata moja.