Maji Maangavu, Samaki Hawakui

Wengi hudhani kuwa maji maangavu ni mema kwa samaki. Sivyo. Katika nyanda za juu kama Mufindi na Njombe udongo mara nyingi ni mchachu, kwa maana mvua za miaka mingi zimeichukua chokaa yake. Na bwawa likichimbwa humo, maji nayo huwa machachu. Chai yaupenda udongo huo, perege haupendi.

Uchachu hupimwa kwa pH: 7 ni katikati, na kadiri inavyoshuka uchachu wazidi. Samaki wa bwawa husitawi kati ya 6.5 na 9. Ikipungua chini ya 5, alumini iliyofungika udongoni huyeyuka, ikaganda katika matamvua yao, hata wakakosa pumzi. Vifaranga hutangulia kufa, na mwenye bwawa humshuku jirani bure! Mbolea nayo hupotea, kwani udongo huikamata fosfori yake, na ule ukijani wa maji, ulio chakula cha samaki, hauoti.

Tandazeni chokaa ya mawe iliyosagwa chini ya bwawa kabla ya kuingiza maji. Ile ya kupaka nyumba ni kali: ikitumiwa, vifaranga wasitiwe mpaka maji yamepimwa tena.