Dondoo muhimu: Kumwona bakteria wa TB aking'aa, Kawangware 46

Kwa maabara ndogo karibu na steji ya 46, chukua hadubini ya mng'ao yenye taa ya LED. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2011, na stima ikipotea inaweza kuendeshwa kwa betri.

Funga pazia zito jeusi kabla ya kuketi. Yape macho muda yazoee giza.

Paka makohozi rangi ya auramini kwa dakika 15, suuza, kisha tumia asidi na alkoholi. Mwisho weka pamanganeti ya potasiamu, isizidi dakika 1. Ikizidi, humzima hata bakteria unayemtafuta. Tafuta kwa lenzi ya 20, hakikisha kwa ya 40: ni vijiti vyembamba vya manjano, vingine vimejipinda kidogo. Vumbi nalo hung'aa, ila halina umbo hilo. Soma slaidi siku hiyo hiyo, maana mwanga huifubaza.

Hapa ndipo wengi hukosea: auramini humng'arisha bakteria aliye hai na aliyekufa vilevile. Mgonjwa anayemeza dawa vizuri anaweza kuonekana bado ana TB kali, akaogopa bure. Kumjua aliye hai kunahitaji fluoresini diasetati, ambayo haing'ai mpaka vimeng'enya vya seli hai viivunje. Slaidi hiyo usiipitishe motoni kabla ya kuipaka rangi. Iache ikauke yenyewe. Na kwa kuwa bakteria hao bado wanaambukiza, fanya kazi yote ndani ya kabati la usalama.