Saa Nne Asubuhi, Basi Bado Liko Mwea

Simu ya kwanza iliingia saa mbili unusu. Basi la manjano lililotoka Nairobi alfajiri lilikuwa limekwama kwenye msongamano wa Thika. Ya pili ikaingia saa nne: basi limefika Mwea, ila watoto wameona mpunga shambani na mwalimu amemwomba dereva asimame. Hivyo watoto 48 wa Gredi ya 5, wanaokula wali wa pishori kila Jumapili, wakashuka Wang'uru kuutazama mmea wake kwa mara ya kwanza.

Huku juu kwenye shamba letu la mafunzo, njia ya Embu kwenda Runyenjes, wahudumu 12 wa kujitolea walikuwa chini ya mkadamia tangu saa moja. Uji ulikuwa umepoa. Mbuzi wa kukamwa alikuwa akilia kwa sababu kiwele kimejaa, na bibi mmoja, shosho wetu, aliyekuja kuwaonyesha watoto kukama alikuwa ameanza kutupia jicho lango.

Mratibu mgeni wa kazi hii hulifikiria basi. Aliyekwisha kuumwa nayo humfikiria shosho huyo. Basi litafika tu. Lakini mtu aliyeacha shamba lake asubuhi ya palizi, akapanda bodaboda kuja kukaa bure saa nne nzima, hatarudi tena, wala hatakwambia kwa nini. Siku hiyo aliyetuokoa ni yeye mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "huyu mbuzi hajui habari za basi. Nitamkama nusu, nusu niwawekee hao watoto."

Kwa misimu sita nimekuwa nikiratibu wahudumu wa shamba hili la mafunzo, na kama kuna jambo ningemwambia anayeanza, ni kwamba kazi yenyewe si kutafuta watu wenye moyo. Wenye moyo wamejaa Embu na Meru. Kazi ni kulinda saa zao.

Shule zenyewe huja bila kubembelezwa. Mtaala wa umilisi ulioanza kuingia madarasani mwaka 2017 umekipa kilimo nafasi kubwa, na vilabu vya 4-K, vile vya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya vilivyoanzishwa 1962 kisha vikafifia, vilizinduliwa upya Juni 2021. Mwalimu wa Eastlands, Nairobi, anaweza kupanda sukuma wiki kwenye gunia nyuma ya darasa, na wengi wanafanya hivyo vizuri. Hawezi kupanda ng'ombe. Wala hawezi kuwaonyesha watoto kinachoonekana hapa kwa siku moja: juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, majani chai yanayopelekwa viwanda kama Rukuriri na Mungania; chini yake kahawa, migomba na makadamia; halafu ukiteremka kwa gari muda usiofika saa mbili, uko Mbeere kwenye ndengu, mtama na muguka, ardhi imekauka na jua linachoma.

Ugumu ni kalenda, na kalenda zenyewe ni tatu zisizosalimiana. Kuna ya shule: muhula wa kwanza Januari hadi Aprili, wa pili Mei hadi Agosti, wa tatu ukiwa mfupi na umejaa mitihani. Kuna ya mvua: masika kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Halafu kuna ya wahudumu, nayo haijaandikwa popote. Waliomaliza kidato cha nne wanapatikana kuanzia Desemba mpaka vyuo viwaite. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, ambacho kilikua kutoka kilichokuwa chuo cha kuwafunza maafisa wa kilimo, na wale wa Chuo Kikuu cha Meru kule Nchiru, huja wakati wa likizo ndefu au wanapotafuta mahali pa mafunzo ya nyanjani. Kina mama wa vyama vya akiba wana nafasi baada ya palizi. Walimu wastaafu wana nafasi siku zote, isipokuwa siku za mazishi na harusi, ambazo kwetu ni nyingi.

Mabasi mengi hutujia Juni na Julai. Huo ndio wakati wa baridi na manyunyu, mahindi ya masika yamekomaa yanasubiri kuvunwa, na hakuna cha kupanda. Msimu wa kwanza niliwaleta watoto 60 kwenye shamba ambalo halikuwa na kazi yoyote ya mtoto, wakazunguka wakipiga picha kama watalii. Tangu hapo wahudumu wa Februari wanawafanyia kazi wale wa Juni. Wanajaza udongo kwenye viriba, wanasia mbegu, na kila baada ya wiki mbili wanapanda tuta moja la karoti na moja la spinachi, ili basi lolote likifika likute kitu cha kung'oa, kitu cha kupalilia na kitu cha kutia maji.

Nasisitiza kazi ya kweli kwa sababu mtoto huijua kazi ya uongo mara moja. Mwandishi Michael Morpurgo na mkewe Clare walilielewa hilo mapema. Shirika lao, Farms for City Children, lilianza kupokea watoto wa mijini mwaka 1976 katika shamba la Nethercott, Devon, Uingereza, na watoto wale hukaa wiki nzima wakilisha mifugo na kusafisha mazizi. Sisi hatuna wiki. Tuna saa tatu, na sehemu yake inakwenda kwa chakula.

Kwa hiyo kila mhudumu anapewa kituo kimoja, na hakiachi. Tuna vituo sita: kitalu cha miche, mbuzi, mboji, kahawa, mboga na jikoni. Kila kituo kina watu wawili na watoto wanane. Mmoja tunamwita mkono, mwingine jicho. Mkono anaonyesha kazi. Jicho hafundishi chochote. Anahesabu watoto, anatazama nani amenyamaza sana, nani anakaribia miguu ya ng'ombe kwa nyuma, nani ameokota panga lililosahauliwa. Vijana wote hutaka kuwa mkono. Mimi huwaanzisha wote kwenye jicho, na baada ya siku mbili tatu wapo wasiotaka kutoka hapo.

Basi likichelewa, hatukimbizani. Orodha ya vituo vya kukatwa iko ukutani tangu asubuhi: kwanza kahawa, maana mwezi Juni cheri nyingi ni mbichi, kisha mboji. Vinabaki vinne, wahudumu watatu na watoto 12 kila kimoja. Siku ile ya Mwea basi liliingia saa tano unusu, na hakuna aliyeniuliza aende wapi.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa kuamini kwamba anayejua kilimo zaidi ndiye anayemfaa mtoto zaidi. Nilimpa kituo cha mboji afisa wa kilimo mstaafu, mtu anayeheshimika tarafa nzima, anayeweza kukwambia tindikali ya udongo kwa kuutazama. Alizungumza dakika 19. Niliangalia saa. Watoto walisimama kwa adabu huku lundo la samadi likitoa mvuke mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyelishika. Wiki iliyofuata alikuwa na homa, nafasi yake ikachukuliwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye hata neno mboji alikuwa amelijua mwezi huo huo. Msichana mmoja akauliza, "Hii moshi inatoka wapi, kuna moto ndani?" Kijana hakujibu. Alichomoa fimbo iliyokuwa imechomekwa ndani ya lundo, akampa aishike. Msichana akaiachia kwa mshtuko, akacheka, kila mmoja akataka kuishika. Ndipo akawauliza wao wanadhani kuna nini humo ndani.

Mzee wetu hatukumfukuza. Hilo lingekuwa utovu wa adabu na ujinga pia. Sasa ndiye anayewafunza wahudumu wapya, Jumamosi mbili kabla ya muhula wa pili, na huko anaweza kuongea mpaka jioni. Sharti moja tu: kila somo liishie kwa kitu ambacho mtoto atakishika.

Mbuzi ndiye malkia wa shamba. Wa kwetu wana damu ya Toggenburg, aina iliyoenea Meru kupitia mradi wa shirika la FARM-Africa wa miaka ya 1990, uliozaa chama cha wafugaji kiitwacho Meru Goat Breeders Association. Nilichojifunza kwa wafugaji hao si mambo ya mbuzi tu. Beberu wa kikundi alikaa kwa mwanachama mmoja, huyo ndiye aliyemtunza, na wengine wakaleta majike kwake. Kila mtu alijua beberu yuko kwa nani. Ndivyo ninavyotaka kila ndoo, kila kijembe na kila jozi ya buti za mpira ijulikane iko kwa nani. Kifaa cha wote kwetu ni kifaa kilichopotea.

Yako mambo matatu nisiyoyajadili na mhudumu yeyote, awe mchungaji au mjukuu wa mwenye shamba.

La kwanza ni mikono. Mwaka 2009 watu 93, wengi wao watoto, waliambukizwa bakteria wa E. koli katika mlipuko uliotokana na shamba moja la wageni huko Surrey, Uingereza. Wanyama wenyewe hawakuwa na dalili yoyote. Kwa hiyo kati ya zizi na chakula pana vibuyu chirizi vinne na mhudumu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, sabuni na maji yanayotiririka. Sanitaiza haitoshi mkono ukiwa na samadi. Na maziwa hayaonjwi kabla ya kuchemshwa, hata kama shosho amekunywa mabichi tangu ujana wake.

La pili ni mtoto na mtu mzima. Hakuna mhudumu anayebaki na mtoto peke yake, hata kumpeleka choo. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa wawili kila kituo. Kila anayekuja zaidi ya mara moja huleta cheti cha maadili mema cha idara ya upelelezi, DCI. Kinaombwa kupitia eCitizen na gharama yake ni kama shilingi 1,050, na ni shamba linalolipa, maana kijana asiye na kazi hawezi kutozwa ili apate nafasi ya kujitolea. Picha nazo tumezifunga. Mhudumu wetu mmoja aliwahi kuweka mtandaoni video ya watoto wakicheka kwenye zizi, kwa nia njema kabisa, na jioni mzazi akapiga simu akiwa amekasirika. Alikuwa na haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Siku hizi simu za wahudumu hulala kwenye kikapu jikoni, isipokuwa ya mratibu.

La tatu ni la kwetu hasa: muguka na miraa. Ni mazao ya biashara, yamesomesha wengi wa wahudumu hawa, na sitamhubiria mtu. Lakini hakuna anayetafuna akiwa kazini, na mtoto akiuliza mmea ule ni nini, anajibiwa ukweli kwa sentensi moja kisha mnasonga mbele.

Sasa nauli. Kujitolea si kujilipia. Anayetoka Manyatta, Chuka au Nkubu hurudishiwa nauli siku hiyo hiyo kwa M-Pesa kabla hajafika nyumbani, na anakula githeri ile ile wanayokula watoto. Posho hatutoi. Tumezoeshwa vibaya na semina za hotelini ambako mtu hulipwa kwa kukalia kiti, na nilipoanza wapo waliouliza bahasha iko wapi. Waliondoka, na sikuwatafuta. Waliobaki wanapata vitu vingine: mwanafunzi anatiwa sahihi daftari lake la mafunzo kwa wakati, aliyemaliza shule anapata barua inayosema alifanya nini hasa badala ya zile za "ni mtu mwenye bidii", na kina mama hupata miche. Barua hizo naziandika mwenyewe usiku, na ndizo zinazonichosha kuliko mabasi.

Siku ya lile basi lililochelewa, zamu ya mwisho kwa mbuzi iliishia saa nane kasoro. Mvulana mmoja, mkubwa kuliko wenzake na mjuaji wa kila kitu tangu aliposhuka, alivuta chuchu mara tatu bila kupata hata tone. Shosho hakusema neno. Aliweka mkono wake juu ya wa mvulana, akambana kidole gumba na cha shahada kwa juu, kisha vingine vikafuata kimoja kimoja kwenda chini. Maziwa yakapiga kikombe cha bati. Mvulana akautazama mkono wake mwenyewe, si kikombe.

Saa nane unusu basi liliondoka, kwa kuwa lazima lifike Nairobi kabla ya giza. Wahudumu waliosha ndoo na kuzihesabu. Shosho alinifuata mezani nilipokuwa nikiandika tarehe za shule inayofuata, akachungulia daftari ingawa hakuwa na miwani.

"Hao wengine wanakuja lini?"

Nikamwambia wiki ya pili ya Agosti.

"Huyu mbuzi ana mimba ya miezi miwili, Agosti atakuwa amekauka," alisema. "Andika hapo: nitaleta yule mweusi."