Kuandika Wasifu: Suleiman Nyambui

Mtahiniwa, ukitakiwa kuandika wasifu wa mwanamichezo, usijaze ukurasa sifa. Andika matukio. Chukua Suleiman Nyambui, aliyezaliwa mwaka 1953 huko Majita, kando ya Ziwa Victoria. Mtahiniwa wa Nyamwaga atamwita mtu wa kwao, kwani wote ni wa Mkoa wa Mara.

Katika Olimpiki ya Moscow, 1980, Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5,000. Alitumia dakika 13 na sekunde 21.60, Miruts Yifter wa Ethiopia alimtangulia kwa chini ya sekunde moja. Filbert Bayi alipata fedha nyingine, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi mwaka 2024 Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki.

Wengi huishia hapo, wakapoteza alama. Nyambui alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988, kisha akaja kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha nchini. Bayi naye akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kazi hiyo haina makofi: ni vikao, barua, kambi na safari za timu.

Zoezi: Je, mkimbiaji hodari lazima awe kiongozi hodari wa michezo? Jibu kwa hoja tatu.